Ndege Zimelala, Umri Unakwenda

(Mazungumzo na wanachama wa klabu ya vijana. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)

Haya, sogeeni mbele, huko nyuma mnakaa kama mko kwenye foleni ya sindano.

Katika sanduku lenu la maswali nimekuta karatasi nyingi. Nyingi ni za mambo tuliyoyazoea: chunusi, hedhi, kondomu, mapenzi ya shuleni. Hayo tutayajibu, msiwe na wasiwasi. Lakini karatasi moja imenifanya nibadilishe mada ya leo. Imeandikwa hivi: "Dada, mtu akikuahidi kitu, halafu kila siku anakwambia ngoja, na wewe unakasirika mpaka hulali, je, huo ni ugonjwa?"

Swali zuri sana. Ningeweza kulijibu kwa mfano wa hapa hapa kwetu. Lakini mfano wa hapa una ubaya wake: kila mtu ataanza kunong'ona, "Leo anamsema nani?" Basi leo nawapeleka mbali, mpaka Uingereza, kwa vijana wa rika lenu ambao waliahidiwa kitu kikubwa: kurusha ndege. Halafu ndege zikazuiwa zisiruke. Tuone yaliyowapata, kisha tuone yapi yanatuhusu.

Kadeti ni nani?

Kule Uingereza kuna kikundi cha vijana kinachoitwa Air Training Corps. Kilianzishwa tarehe 5 Februari 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kiko chini ya Jeshi la Anga la nchi hiyo. Wakati ule lengo lilikuwa wazi: kuandaa vijana watakaoingia vitani. Siku hizi mambo ni tofauti. Kadeti si askari, na hakuna anayemlazimisha kwenda jeshini. Ni wavulana na wasichana wa shule. Wanakutana jioni, wanavaa sare, wanajifunza huduma ya kwanza, kusoma ramani, nidhamu na mambo ya ndege.

Sasa, huduma ya kwanza hata skauti anafundishwa. Ramani hata skauti anasoma. Kinachomvuta mtoto kwenye kikundi hiki badala ya kingine ni kimoja: kuruka.

Na njia kubwa ya kuruka ilikuwa glaida. Glaida ni ndege nyepesi yenye mabawa marefu, iliyotengenezwa ili ielee hewani. Makadeti walikuwa nazo za aina mbili, zote kutoka kiwanda cha Grob cha Ujerumani. Ya kwanza waliiita Viking. Hii haina injini kabisa. Inafungwa waya mrefu, na winchi iliyoko upande wa pili wa uwanja inauvuta kwa kasi. Mmewahi kumwona mtoto akikimbia na uzi ili tiara lake lipande? Ni vile vile. Glaida ikishapanda, waya unaachiliwa, na baada ya hapo hakuna mngurumo, ni upepo tu. Ya pili waliiita Vigilant. Hii ina mabawa ya glaida lakini ina injini ndogo, kwa hiyo inaondoka yenyewe bila kuvutwa.

Zote mbili zina viti viwili, cha mwanafunzi na cha mkufunzi. Wakufunzi wengi ni watu wa kujitolea. Siku za kazi ni walimu, mafundi, makarani. Jumamosi na Jumapili wako uwanjani wanafundisha watoto wa wenzao.

Kilele cha yote ni siku ambayo mkufunzi anashuka, anafunga mlango, anakuambia, "Haya, sasa nenda peke yako." Kwa utaratibu wa makadeti, siku hiyo haiwezi kufika kabla hujatimiza miaka 16. Na ukitimiza miaka 20, ukadeti umekwisha. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudia. Kati ya 16 na 20 ni miaka minne tu.

Amri ya Aprili 2014

Mwezi Aprili 2014 amri ikatoka: glaida zote za makadeti zisiruke. Zote, Viking na Vigilant, zaidi ya 140. Haikusemwa kwamba mafunzo yamefutwa. Yamesitishwa, basi.

Sababu iliyotolewa ilikuwa mashaka juu ya uzima wa ndege. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Hakuna aliyesema kwamba kila ndege imeoza. Kilichokosekana ni uhakika. Ndege haihesabiwi kuwa salama kwa sababu inang'aa, wala kwa sababu jana iliruka ikarudi. Inahesabiwa kuwa salama pale ambapo kila tengenezo limefanywa inavyotakiwa, limeandikwa, na mtu mwenye mamlaka ameweka sahihi yake. Uhakika huo ukitetereka, ndege inakaa chini hadi ichunguzwe.

Niwape mfano wa kwetu sisi watu wa afya. Unaingia zahanati, unakuta kwenye kabati chupa ya dawa. Lebo imebanduka. Dawa inaweza kuwa nzima kabisa, na inaweza kuwa ndiyo hasa anayoihitaji mgonjwa aliyeko mlangoni. Je, utampa? Humpi. Huna ushahidi kwamba ni mbovu, lakini huna ushahidi kwamba ni nzima, na anayekwenda kuimeza ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo, tukubaliane mapema: kuzizuia zile glaida lilikuwa jambo sahihi. Anga haina mchezo. Mwaka 2009 peke yake, huko huko Uingereza, ndege ndogo za mafunzo zinazoitwa Tutor zilipata ajali mbili za kugongana angani. Mwezi Februari ziligongana mbili zenyewe kwa zenyewe kule Wales. Mwezi Juni moja ikagongana na glaida ya raia katika mkoa wa Oxfordshire. Kadeti watatu walikufa, pamoja na marubani watatu waliokuwa wakiwarusha. Chanzo cha ajali zile hakikuwa matengenezo, ni mambo mengine. Lakini zinatukumbusha kwamba anayebeba watoto angani hana haki ya kusema, "Nadhani itafaa."

Sasa mtaniuliza, kama amri ilikuwa sahihi, hasira za nini?

Ngoja ngoja

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema, subira yavuta heri. Nyingine inasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wazima wanaipenda ile ya kwanza. Vijana wanaijua ile ya pili. Ukweli ni kwamba zote mbili ni za kweli, ila zinazungumzia mambo mawili tofauti. Subira ni kungoja kitu unachokijua: mahindi umepanda mwezi wa tatu, unajua mwezi gani utavuna. Ngoja ngoja ni kungoja usichokijua kitakuja lini, wala kama kitakuja.

Makadeti wale walianza na subira wakaishia kwenye ngoja ngoja. Mwezi wa nne ukapita, likizo ya kiangazi ikapita, mwaka 2014 ukaisha. Ukaja 2015 nao ukaisha. Maswali yakaulizwa bungeni. Majibu yalikuwa ya aina moja: uchunguzi unaendelea, matengenezo yanaendelea, usalama kwanza. Maneno hayo hayakuwa uongo. Lakini hebu jiweke pale, wewe mwenye miaka kumi na tano, sare umeshapiga pasi, na jibu ni lile lile kwa mwaka wa pili.

Tufanye ile hesabu sasa. Chukua kijana aliyezaliwa Mei 2000. Amri inapotoka Aprili 2014 ana miaka 13, anakaribia 14. Bado hajafikia umri wa kuruka peke yake, anasema, "Si kitu, mpaka nifikishe 16 watakuwa wamemaliza." Anatimiza 16 mwezi Mei 2016. Glaida nyingi bado zimelala. Anatimiza 18. Anatimiza 20 mwezi Mei 2020, na ukadeti wake umekwisha.

Hapo ndipo penye uchungu, jamani. Ndege inaweza kukaa bandani miaka mitatu, ukaipangusa vumbi, ukaitengeneza, ikaruka. Kijana huwezi kumweka bandani. Mtu mzima akisema "miaka miwili tu", kwake ni miaka miwili kati ya hamsini. Kwa kadeti wa miaka 16, ni nusu ya nafasi yake yote. Kwa hiyo mtu mzima anapokuambia, "Mbona unakasirika, si usubiri kidogo?", wala si kwamba anakuonea kwa makusudi. Saa yake na saa yako haziendi sawa.

Niwe mkweli: kuruka hakukukoma kabisa. Safari fupi za kuonjeshwa anga katika zile ndege za Tutor ziliendelea. Lakini kupandishwa na rubani kwa nusu saa si sawa na kufundishwa hatua kwa hatua mpaka unakwenda mwenyewe. Ni kama umeahidiwa kufundishwa kuogelea, halafu unapewa safari ya mtumbwi. Utashukuru, lakini kuogelea bado hujui.

Kwa nini kutojua kunaumiza

Narudi kwenye swali la sanduku: je, huo ni ugonjwa? Hapana. Hasira ya kuvunjiwa ahadi si ugonjwa. Ni alama kwamba kitu kile kilikuwa na thamani kwako. Anayeniambia haumii kabisa, ama hakukitaka, ama ananificha.

Lakini mwili unalipa. Mwaka 2016, wakati makadeti bado wanangoja, wataalamu wa chuo kikuu cha London kinachoitwa University College London walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua watu 45 wakacheza mchezo wa kompyuta. Kwenye skrini kuna mawe, na mchezaji anakisia: chini ya jiwe hili kuna nyoka au hakuna? Akitokea nyoka, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, inayouma lakini haidhuru. Wale wataalamu wakawa wanapima jasho na mboni za macho, maana vyote viwili vinaonyesha mtu ana wasiwasi kiasi gani.

Mngedhani nani alikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi? Mngesema ni yule anayejua kwamba shoti inakuja, si ndiyo? Hapana! Wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi pale ambapo hawajui, yaani nusu kwa nusu, inaweza kuja na inaweza isije. Aliyekuwa na uhakika wa kupigwa shoti alikuwa na utulivu kuliko aliyekuwa hajui.

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini walishasema tumbo litauma. Na kweli linauma. Unapokaa na wasiwasi, mwili unajitayarisha kana kwamba kuna hatari mbele yako: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, chakula hakishuki vizuri, usingizi unakuwa wa kuruka ruka. Hatari ikipita, mwili unatulia. Lakini ikiwa hatari yenyewe ni neno "ngoja", litapita lini? Ndiyo maana unaweza kuchoka bila kubeba mzigo wowote.

Jibu lilipokuja

Tarehe 10 Machi 2016, karibu miaka miwili baada ya amri, serikali ya Uingereza ikalieleza bunge kwa maandishi. Habari zenyewe zilikuwa za uchungu. Walisema wamejaribu, lakini kuzitengeneza ndege zote hakuwezekani kwa gharama inayokubalika. Kwa hiyo wataokoa Viking zisizopungua 73. Vigilant zitabaki chache, zisizozidi 15. Vikosi vya wikiendi vya kufundishia glaida vitapunguzwa, vibaki vichache lakini vikubwa, vikihudumia kanda nzima. Badala yake zitaongezwa zile safari za Tutor, pamoja na mashine za mazoezi ya chini ambazo mwanafunzi anakaa ndani yake kama yuko kwenye ndege.

Kwa kadeti aliyekaa karibu na kikosi kilichovunjwa, maana yake ilikuwa safari ndefu kila anapotaka kujifunza. Kwa mkufunzi wa kujitolea, maana yake ilikuwa kufunga mlango wa kitu alichokijenga kwa jasho lake. Na wakufunzi nao walikuwa wameathirika: rubani asipoirusha ndege kwa muda mrefu, mkono unapoteza wepesi, inabidi apimwe upya kabla ya kukabidhiwa mtoto. Hivyo hata ndege zilipokuwa tayari, watu wa kuzirusha hawakuwa tayari siku hiyo hiyo. Mambo yakarudi polepole. Na zile Vigilant zikaondolewa kabisa kwenye huduma mwaka 2018. Baadaye nyingi zilinunuliwa na Aerobility, shirika la hisani linalowasaidia watu wenye ulemavu kuruka. Kwao ni heri. Lakini kwa yule kijana wetu wa mwaka 2000, ndege aliyoingoja ilikwenda kwa wengine.

Hata hivyo, naomba mtofautishe makosa mawili. Kuzuia ndege isiyo na uhakika si kosa. Kuwaacha vijana gizani bila tarehe, bila hesabu, ndilo kosa. "Tutaokoa 73" ni habari mbaya kwa aliyezoea kuona zaidi ya 140. Lakini ni habari yenye namba. Ukiwa na namba unaweza kupanga: nisafiri mpaka kikosi kile kingine? Nitafute klabu ya kiraia? Nijifunze fani nyingine ndani ya kikundi? Ukiwa na "ngoja" huwezi kupanga chochote.

Maswali manne ya kuuliza

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu huenda si glaida. Ni chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli. Ni timu iliyoahidiwa vifaa. Ni kliniki ya vijana iliyosimama kwa sababu mhudumu amehamishwa. Ni ada ambayo mjomba alisema ataituma. Mnapigwa danadana, leo kesho, kesho kesho kutwa. Mfanyeje?

Kwanza, msitukane wala msivunje. Pili, msinyamaze. Kati ya kuvunja na kunyamaza kuna njia: kuuliza. Kaeni pamoja, mchague wawili wanaojua kusema kwa adabu, waende kwa mwalimu, mratibu au mlezi, waulize haya:

Moja: Sababu ni nini hasa? Tuambieni kama watu wenye akili. Kama ni fedha, semeni fedha. Kama ni usalama, tuelezeni hatari ni ipi.

Mbili: Nani anaamua? Mara nyingi tunamkasirikia mtu aliye mbele yetu, kumbe naye anangoja barua kutoka juu. Wale wakufunzi wa glaida walikuwa wanatazamwa na watoto kila wikiendi, lakini amri haikuwa yao.

Tatu: Lini mtatupa habari tena? Hili ndilo muhimu kuliko yote, na ni rahisi kuliko mnavyodhani. Usimuulize tu, "Kitu kitakuwa tayari lini?" Huenda hajui, na ukimbana atakudanganya. Muulize, "Lini utakuja kutueleza umefikia wapi, hata kama hakuna jipya?" Mtu yeyote anaweza kusema, "Ijumaa ya mwisho wa mwezi." Ngoja ngoja ikipewa tarehe inaanza kufanana na subira.

Nne: Wakati tunangoja, tufanye nini? Na je, wale ambao umri wao utapita mtawafikiriaje? Msione aibu kulisema hili. Aliye kidato cha nne mwezi wa nane hana nafasi ya mwakani.

Wazazi na walezi mlioketi pale pembeni, nanyi nawaomba jambo moja, kwa heshima zote. Msiseme "karibuni" au "hivi karibuni" kama hamna uhakika. Ahadi ni deni, na hilo neno "karibuni" kijana analihesabu. Ni afadhali umwambie, "Mwanangu, mwaka huu haiwezekani." Atalia leo, kesho atatafuta njia nyingine.

Na wewe mwenyewe je?

Wakati majibu yanatafutwa, chunga afya yako. Haya ni machache yanayosaidia.

Sema unachokisikia kwa mtu unayemwamini. Ukisema "nina hasira kwa sababu niliitegemea sana nafasi ile", nusu ya mzigo imeshuka. Ukikaa nayo, itamtokea mdogo wako ambaye hana kosa.

Fanyisha mwili kazi. Kimbia, cheza mpira, lima, fua. Ule utayari wa mwili niliousema unahitaji pa kwenda.

Usiitibu hasira kwa pombe, bangi wala gundi. Vinasahaulisha kwa saa chache, halafu unaamka na tatizo lile lile pamoja na jingine jipya.

Usijilaumu. Vijana wengi, jambo likikwama, wanaanza kusema moyoni, "Labda sisi hatustahili." Glaida zile hazikuzuiwa kwa sababu makadeti walikuwa wabaya. Angalia kwanza ni kosa la nani kabla hujalichukua kuwa lako.

Na tena, usitafute njia ya mkato yenye hatari. Hasira ya kungoja ina kishawishi chake: "Tuvunje kufuli, tuchukue wenyewe." Au ukimkuta mtu mtaani anakupa kwa siri kitu ambacho zahanati imekwambia usubiri. Kumbuka ile chupa isiyo na lebo. Kudai haki ya kujibiwa ni jambo moja. Kudai urushwe na ndege isiyo na uhakika ni jambo lingine, na hilo usilidai.

Sasa, lini hasira na huzuni vinageuka kuwa jambo la daktari? Zisikilizeni dalili. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni isiyokuachia nafasi, hufurahii hata vile ulivyokuwa unavipenda, usingizi umekimbia au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, huwezi kutuliza akili darasani, unajiona huna thamani, basi usisubiri. Nenda kituo cha afya, au mwambie mtu mzima akupeleke. Na kama mawazo ya kujidhuru au kutaka kufa yanakujia, hizo wiki mbili usizingoje. Mwambie mtu leo hii. Si aibu, na si udhaifu. Hata kwenye ndege, rubani akiona taa nyekundu hajivungi, anaita.

Na ukiona mwenzako amejitenga tangu jambo lake lilipokwama, usimwambie "kaza moyo, mbona sisi tumezoea". Kaa naye. Muulize, "Hili la kungoja linakufanyaje?" Halafu nyamaza umsikilize.

Vijana wenzangu, sikuja kuwafundisha kuwa wapole ili msisumbue watu. Nimekuja kusema kwamba usalama na ukweli si maadui. Anayekulinda anaweza pia kukueleza. Makadeti wale walikuwa na haki ya kuwekwa mbali na ndege zenye mashaka, na walikuwa na haki ya kuambiwa mapema nani atafikiwa na nani umri wake utapita. Haki ya kwanza waliipata siku ile ile. Ya pili waliingoja karibu miaka miwili.

Kazi ya leo: gawanyikeni watano watano. Kila kundi lichague jambo moja ambalo limekwama hapa kwenu, liandike yale maswali manne, na karibu na kila swali liandike jina la cheo cha mtu wa kuulizwa. Mkimaliza tutasoma kwa sauti, na mlezi wenu amekubali kuyasikia yote leo.

Haya, nani anaanza?